Hofu ya Haki na Hofu ya Dhana katika Jambo la Chanjo

Tangu yalipoingia maradhi ya korona mpaka yakapungua nguvu zake, ndugu zetu wa Mvita na wa pwani nzima wamekuwa wakiuliza masuala matatu juu ya chanjo. La kwanza: je, chanjo hizi mpya, khasa zile zitengenezwazo kwa DNA, si kubadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu? La pili: ikiwa kirusi chabadilika kila mara, na chanjo nayo yabadilishwa kila mara, je, si dalili kwamba waliotuhubiria chanjo hawakujua walilokuwa wakilisema? La tatu: je, sisi watu wa huku si viumbe vya kujaribiwa dawa za watu wengine?

Masuala haya si ya upuzi, wala ayaulizaye si mjinga. Lakini yamechanganywa pamoja kama mchele na chuya, hata mtu hajui alipo: akijibiwa hili hurukia lile, na akishindwa katika lile hurudi katika hili. Kazi yetu katika karatasi hii ni kuyachambua moja moja, tupate kuijua hofu iliyo ya haki na hofu iliyo ya dhana tupu. Na wakati wa kuyachambua ni huu, nyoyo zilipotulia. Kwani hukumu itolewayo wakati wa fazaa mara nyingi ni hukumu ya fazaa yenyewe, si ya akili.

Na tukumbuke kwanza yaliyotupata. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi. Kabla mwezi ule haujesha, milango ya misikiti ilifungwa. Tarehe 6 Mei, nasi tumo katika Ramadhani ya mwaka 1441, ikatolewa amri kwamba asiingie mtu wala asitoke katika Mji wa Kale, sawa na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi. Na amri ile haikuondoshwa ila tarehe 6 Juni. Kwa hivyo Idi ilitukuta nyuma ya vizuizi, Ndia Kuu haina mpita njia na Kibokoni hakuna mkahawa uliofunguliwa. Sababu iliyotajwa ni kuwa wagonjwa wamezidi na watu wakataa kupimwa. Ni kweli kwamba wengi walikataa. Na walikataa kwa kuogopa kuchukuliwa karantini, na kwa kuogopa aibu ya kunyooshewa kidole na majirani. Basi kilichokosekana mtaani wakati ule si vipimo peke yake. Kilichokosekana zaidi ni kuaminiana baina ya aamuruye na aamriwaye. Jambo hili tuliweke akilini, kwani ndilo litakalorudi katika kila suala.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Asiyejua nini chanjo ya DNA hana haki ya kusema ni halali, na hana haki ya kusema ni haramu. Basi na tuijue.

Ndani ya viini vya chembe za mwili wetu mna hati ndefu mno iitwayo DNA, iliyoandikwa kwa namna ya herufi nne tu, na katika hati hiyo mna maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Kirusi cha korona nacho kina hati yake, ijapokuwa ni ya jinsi nyingine iitwayo RNA. Kirusi hicho kina miiba juu ya ngozi yake, na kwa miiba hiyo ndiyo hujishika na chembe za pua na mapafu. Wataalamu walichukua fungu lile tu la hati ya kirusi lielezalo mwiba, wakaligeuza kuwa DNA, wakalitia katika kipete kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho huzidishwa ndani ya bakteria kisha husafishwa. Kipete hicho ndicho kitiwacho katika ngozi au katika msuli. Kikifika ndani ya kiini cha chembe, maagizo yake husomwa, nakala hutoka kwenda nje ya kiini, na chembe huunda mwiba kwa muda. Kirusi kizima hakimo. Hapo walinzi wa mwili huuona mwiba ule kuwa ni mgeni, huzoea kupigana nao, na huiweka sura yake katika kumbukumbu. Kipete chenyewe hakizai, na baada ya muda huchakaa kikatoweka.

Mfano wake ni mtu aliyempelekea fundi seremala karatasi ya nakshi ya mlango. Fundi huitazama karatasi, huchonga nakshi ile, na kazi ikisha karatasi hutupwa. Hati ya milki ya nyumba ya fundi imo sandukuni mwake, haikuguswa wala haikuongezwa neno.

Wala jambo hili halikuzuliwa kwa usiku mmoja. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba DNA tupu ikidungwa katika msuli wa panya, msuli ule huyafuata maagizo yake. Mwaka 1993 wengine wakaonyesha kwamba panya waliodungwa DNA ya sehemu ya ndani ya kirusi cha homa ya mafua, sehemu isiyobadilika sana, walipata kinga hata juu ya aina ya homa iliyohitilafiana na ile ya kwanza. Watu wakafurahi, lakini walipowajaribu wanadamu kinga ilikuwa dhaifu, kwa sababu ni vigumu DNA kupenya kuta za chembe mpaka kiini. Mwaka 2005 chanjo ya namna hii ilipewa ruhusa kwa farasi huko Marekani. Kwa wanadamu ilingoja mpaka Agosti 2021, ilipotolewa ruhusa ya dharura huko India kwa chanjo ya ZyCoV-D ya kampuni ya Zydus Cadila, itolewayo mara tatu pasipo sindano, kwa kusukumwa kwa nguvu kupita ngozi. Katika majaribio yake ilipunguza ugonjwa wenye dalili kwa kadiri ya asilimia 67. Si kamili, lakini si bure. Na faida yake kubwa kwa nchi za joto ni kuwa DNA hustahimili joto kuliko chanjo zitakazo barafu kali, na maandishi yake hubadilishwa upesi kirusi kinapobadilika.

Tena wengi hawana habari kwamba chanjo ya Oxford na AstraZeneca, ambayo dozi zake za kwanza zaidi ya milioni 1 zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, nayo hubeba maagizo ya mwiba kwa DNA, ila huyapakia ndani ya kirusi cha mafua ya sokwe kilichofanywa kisiweze kuzaana. Kwa hivyo waliochanjwa chanjo hiyo hapa Mombasa wamekwisha kupokea maandishi ya DNA katika misuli yao, na hali wenzao wakali katika baraza waendelea kubishana kama jambo hilo lajuzu au halijuzu.

Sasa turudi katika suala la kwanza, la kubadili maumbile. Wakatazao huitaja habari iliyomo katika Suratun Nisaa, ya Shetani kuapa kwamba atawaamuru wanadamu nao wageuze umbo la Mwenyezi Mungu. Onyo hilo ni la haki na hatulipunguzi. Lakini wanavyuoni hawakulifahamu kuwa kila kiingiacho mwilini au kitokacho ni kugeuza umbo. Lau ingekuwa hivyo, tohara ingeharimishwa, na kukata kucha, na kumkata mgonjwa kidole kilichooza ili usalimike mkono. Lililokatazwa ni kugeuza kwa kuharibu, au kwa kufuata matamanio. Ama kuurudishia mwili afya yake au kuuhifadhi, hilo ni tiba, na tiba tumeamrishwa.

Na katika chanjo hii hata hiyo hati ya mwili haigeuzwi. Atakayeuliza, "Je, haiyumkini karatasi ikapotea njia, ikaingia sandukuni na kujibandika katika hati?" ameuliza suala la maana, na wataalamu wenyewe walijiuliza. Walilichunguza katika wanyama, wakaona hatari hiyo, ikiwa ipo, iko chini mno ya makosa yatokeayo yenyewe katika chembe zetu kila siku. Kuendelea kuchunguza ni wajibu wao. Kututisha kwa jambo lisiloonekana si wajibu wa mtu yeyote.

Lakini yako mambo ambayo kweli yafaa kuogopewa kwa jina hilo la kugeuza maumbile. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa Uchina aitwaye He Jiankui alitangaza kwamba amebadili hati ya watoto mapacha wangali matone, kabla hawajatiwa tumboni, mabadiliko ambayo wao watawarithisha watoto wao. Dunia ikamlaumu, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Huko ndiko kuifungua hati yenyewe na kuandika juu yake, tena kwa niaba ya mtu ambaye hajazaliwa na hawezi kuridhia. Mwenye kuchanganya jambo lile na chanjo hii hailindi dini. Aufanya mlango mmoja kuwa sawa na mwingine, na watu watakapouona wa kwanza hauna hatari, hawatamsikiliza tena atakapowaonya juu ya wa pili.

Suala la pili ni la kubadilika. Kirusi hakina akili wala hila. Chajinakili mara nyingi mno, na katika kunakili huwamo makosa, kama waandishi wa zamani walionakili vitabu kwa mkono: huyu akaacha nukta, yule akaruka mstari. Makosa mengi humdhuru kirusi mwenyewe akafa. Machache humnufaisha, akaenea upesi zaidi au akapita mbele ya walinzi waliomzoea kwa sura ya kwanza. Ndivyo ilivyotokea aina iliyoitwa Delta, na ndivyo ilivyotokea Omicron iliyojulikana kusini mwa Afrika mwezi wa Novemba 2021. Homa ya mafua nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1918 iliingia Kenya kwa bandari yetu hii, katika lile wimbi lililoua mamilioni ya watu duniani. Na mpaka leo chanjo yake hutazamwa upya mara mbili kwa mwaka, kwa sababu sura ya adui si ile ya mwaka jana.

Basi je, mwenye kubadili dawa kwa kubadilika ugonjwa ni mwongo? Sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafi ndio wa mwisho wa kusema hivyo. Sote twajua kwamba Imamu alikuwa na kauli za kale alizozitoa Iraki, na kauli mpya alizozitoa alipohamia Misri, na mpya ndizo zifuatwazo isipokuwa katika masuala machache. Hakuna aliyesema kwamba Imamu hakuwa na elimu. Twasema alizidi kuona, akahofia kubaki juu ya aliyoiona kuwa si sawa. Elimu isiyokubali kusahihishwa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kubadili kwa kueleza na kubadili kwa kunyamaza. Mwaka 2021 walikuwapo, katika nchi nyingi, waliowaambia watu kwamba aliyechanjwa hapati wala haambukizi. Neno hilo lilizidi kadiri ya dalili. Lililothubutu ni kwamba chanjo ilipunguza sana ugonjwa mkali na kifo, na ilipunguza maambukizi kwa kadiri fulani na kwa muda, kisha kadiri hiyo ikapungua zilipokuja sura mpya. Vilevile ilijulikana baadaye kwamba chanjo ya AstraZeneca yaweza, kwa nadra sana, kuleta damu kuganda. Na mwaka 2024 kampuni hiyo iliiondoa sokoni, ikisema kwamba chanjo mpya zilizolinganishwa na sura mpya zimekuwa nyingi. Lau watu wangeambiwa tangu mwanzo, "Hili twalijua, na hili bado," wasingeona wamehadaiwa. Mwenye elimu asemaye zaidi ya aijuayo huvunja amana, hata ikiwa nia yake ni njema. Kosa hilo lakini ni la ulimi wa asemaye. Halikuitia chanjo sumu.

Suala la tatu ndilo zito, na ndilo ambalo hofu yake ina haki nyingi. Mwaka 1996, mji wa Kano katika Nigeria ulipopatwa na maradhi ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribu watoto kwa dawa mpya, na jamaa zao wakashitaki kwamba hawakuelezwa sawasawa; shauri likaendelea miaka mingi mpaka kampuni ikapatana na serikali ya jimbo la Kano mwaka 2009. Na mwezi wa Aprili 2020 matabibu wawili wa Ufaransa walizungumza mbele ya watazamaji wa televisheni kuhusu kufanya jaribio la kinga ya korona katika Afrika, kwa namna iliyomchukiza hata mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Atakayemwambia mtu wa Mji wa Kale kwamba shaka zake ni ujinga, na hali mambo haya yamekuwa, amemdhulumu.

Lakini shaka ni kama moto: wapikia chakula na wachoma nyumba. Shaka yenye haki humfanya mtu aulize, adai, na aweke masharti. Shaka ya dhana humfanya asambaze uvumi asioujua chanzo chake. Masharti ya haki twayaona ni manne. Kwanza, ridhaa ya mtu mwenyewe baada ya kuelezwa kwa lugha aifahamuyo, madhara pamoja na manufaa. Pili, kupimwa jaribio na watu wa nchi wenye elimu na uhuru wa kusema la. Tatu, matibabu kwa atakayedhurika. Nne, kwamba watu waliojitolea miili yao wawe na fungu katika matunda yake, wasiwe wa kwanza katika kujaribiwa na wa mwisho katika kupewa.

Yakitimizwa masharti hayo, kujitolea si utumwa, ni sadaka ya mwili. Kilifi, mwendo mfupi tu kaskazini mwetu, pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Hapo ndipo, tangu Oktoba 2020, chanjo ya Oxford ilipojaribiwa kwa watu wazima waliojitolea. Na hapo ndipo vijana wa nchi hii waliposoma herufi za kirusi zilizotoka kwa wagonjwa wa pwani, wakaona kwamba Mombasa, kwa kuwa ni mlango wa bahari na mji wa wageni, ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya kuingilia sura mpya za kirusi. Lau hawakusoma wao, tungesomewa na watu wa mbali, tukaambiwa tu matokeo.

Ama sharti la nne, tuliliona kwa macho. Machi 2021, India ilipozidiwa na wagonjwa wake, ilizuia chanjo zisitoke, na waliochanjwa dozi ya kwanza hapa wakangoja ya pili. Nchi tajiri nazo zilikwisha kununua zaidi ya haja zao. Hatuwezi kuishitaki India kwa kuwatazama wagonjwa wake. Lakini tulijifunza kwamba aombaye hupewa kilichosalia, na mkono mtupu haurambwi.

Wako watakaosema: yote haya ya nini, na ajali imekwisha kuandikwa? Hawa tuwakumbushe tauni ya Amwasi, mwaka wa 18 wa Hijra. Sayyidna Umar R.A. aliposikia kwamba Sham imeingiwa na maradhi aligeuza msafara. Abu Ubayda akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kwamba atoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Abu Ubayda alibaki na watu wake wala hakutoka, akafa kwa tauni ile. Wote wawili walikuwa watu wa tawakuli, na wote wawili walitenda kwa kuzingatia maradhi: mmoja hakuingia, mmoja hakutoka. Hakuna katika hao aliyekaa akasema sebabu ni bure.

Na jirani zetu wa Banadir wana habari ya kuzingatiwa. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Alikwepa kuchanjwa ndui kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 akashikwa na ndui, akapona, na ikawa yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba maradhi hayo yamekwisha. Ali hakuona haya ya kisa chake. Alikitumia kuwashawishi wazazi wawachanje watoto wao polio, akafa kwa malaria mwaka 2013 naye angali katika kazi hiyo. Maradhi yaliyotisha wafalme kwa karne nyingi yaliisha mikononi mwa mpishi wa pwani yetu.

Basi hukumu yetu ni hii. Chanjo iliyo mpya na haijathibitika, mtu ana haki ya kuikataa, na asilazimishwe wala asihadaiwe. Chanjo iliyothibitika kwamba yakinga watu na mauti, na madhara yake ni machache mbele ya manufaa yake, kuikataa kwa uvumi mtupu si jambo la mtu na nafsi yake tu. Nyumba zetu za Kuze na Kibokoni zaegemeana ukuta kwa ukuta. Bibi yuko ghorofani, wajukuu wako chini, na pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote. Sheria yetu haikumruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Na mwenye kueneza habari ya uwongo juu ya dawa, akafa mtu kwa kuiamini, asidhani kwamba hataulizwa kwa kuwa hakushika silaha.

Juu ya hayo liko jukumu la umma mzima. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tuitafute elimu ya dini na ya dunia kabla hatujaachwa nyuma. Wanavyuoni wasema kwamba elimu ya tiba ni faradhi ya kutosheleza: wakiipata watu wa kutosha, dhambi yawaondokea wengine, na wasipopatikana wote wana dhambi. Tukitaka chanjo tusiyoitilia shaka, na tuwatie watoto wetu, wanaume kwa wanawake, katika elimu hii, mpaka atakayetueleza nini kimo ndani ya chupa awe ni binti wa Mkanyageni au kijana wa Likoni, twamjua kwao na twaijua amana yake. Madrasa zetu na zisimwambie mtoto kwamba kukisoma kiini cha chembe ni kukitoka Kitabu.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atuhifadhi na maradhi na uvumi, na awarehemu waliotutangulia katika mwaka ule mzito. Amin.